Isale Mlangoni kwa Mama Anneth

Sehemu ya Saba

Tulipoachana wiki iliyopita, Agnela alikuwa amesimama mlangoni mwa mgahawa wake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Alhamisi, na beseni la maji machafu limemponyoka na kumlowesha mpaka magotini. Hakujali. Alikuwa anatazama chini ya kizingiti, mahali ambapo jana yake hapakuwa na kitu ila vumbi, na ambapo sasa palikuwa pamepandwa isale.

Isale bichi. Udongo wake ulikuwa bado na unyevu, na jani lake moja refu lilikuwa limefungwa fundo.

Wasomaji wa pwani mlionitumia ujumbe kuuliza mmea gani huo wa kumwangushia mtu beseni, sogeeni karibu. Kwa Wachaga, na kwa Wameru ambao katika jambo hili hawatofautiani nao hata kidogo, isale hupandwa mpakani na makaburini. Lakini jani lake likifungwa fundo na kuletwa mlangoni kwa mtu, maana yake ni moja tu: aliyelileta anaomba msamaha. Na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Anaweza kununa, anaweza kumwacha mwenzake asimame juani mpaka adhuhuri, lakini mwisho wa yote atasamehe, na akishatamka kwamba amesamehe, jambo hilo limekwisha na halifufuliwi tena.

Agnela hakuhitaji kuuliza ni nani. Aliinua macho akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye bucha ya Melkizedeki.

"Ameshindwa," alisema peke yake, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu halmashauri ilipoleta mradi.

Kwa mliojiunga nasi leo, mradi wenyewe ni huu. Mtaa wa Mashine ya Zamani, huku Elerai, ulisahauliwa miaka mingi kiasi kwamba mashine ya kusaga iliyoupa jina ilishageuka kuwa nyumba ya kuku. Ghafla halmashauri ikaukumbuka. Ikaja na mchoro wa rangi wenye barabara ya lami, mitaro yenye mifuniko, taa, maua na choo cha kisasa cha umma. Katika mchoro ule hata mbwa wa mtaa walikuwa wamenona. Watu wakapiga makofi, mpaka walipousogelea na kuanza kutafuta nyumba zao.

Mgahawa wa Agnela haukuwemo. Barabara ilihitaji hatua nne zaidi, na hatua hizo nne zilikuwa jiko lake, meza zake, na kuta alizozijenga na marehemu Abdiel, mumewe, tofali moja kwa wiki. Siku ya pili ukuta wa mbele ulipakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Agnela, ambaye mtaa unamwita Mama Anneth ingawa Anneth mwenyewe keshaolewa Njiro na ana geti la umeme, alikaa akaitazama X ile siku nzima na mtori wake wa ndizi na nyama ukaungua.

Kulikuwa na njia moja ya kupona. Mbele ya bucha ya Melkizedeki kuna uwanja mtupu anapowafunga mbuzi wanaosubiri zamu. Kama angekubali kuutoa, barabara ingesogea upande wake na mgahawa ungebaki. Halmashauri ikasema kubalianeni wenyewe, fomu yenye saini ya Melkizedeki iwe mkononi mwa afisa kabla ya saa kumi alasiri ya Alhamisi hii. Ikikosekana, greda linaingia jikoni.

Fomu hiyo ilikuwa na wiki tano katika droo ya vijiko. Agnela hakuwa ameivusha barabara, kwa kuwa yeye na Melkizedeki walikuwa na miaka mitatu hawasemeshani, na sababu ilikuwa jogoo.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Ibada imekwisha, usharika mzima umesimama nje, sadaka za mazao zinanadiwa kama ilivyo kawaida: mikungu ya ndizi, mayai, maharage, na jogoo aliyetolewa na Agnela. Melkizedeki akashinda mnada wa jogoo. Akampokea, akamgeuza huku na huku kama mtu wa bucha anavyogeuza, kisha akatangaza mbele ya mchungaji kwamba Bwana ametolewa jogoo chongo. Watu wakacheka. Agnela akajibu palepale kwamba jogoo ana macho mawili, ila moja limeingia vumbi, na kwamba hata angekuwa na jicho moja ni heri yeye kuliko mizani inayopima nyama pamoja na kidole gumba. Watu wakacheka zaidi, na mchungaji akalazimika kugeukia ukutani.

Tangu siku ile Agnela akawa anakwenda kununua nyama soko la Kilombero, huku bucha iko pua na mdomo na mlango wake. Na Melkizedeki, mgane asiyejua hata kuchemsha yai, akawa anakula mkate mkavu na chai ya chupa huku harufu ya mtori inavuka barabara na kumkalia kifuani. Hakuna aliyetaka kuanza.

Sasa mmoja alikuwa ameanza.

Agnela hakutoka mbio. Alitaka msamaha wake uwe na heshima, wenye utangulizi na kiini. Alinawa uso, akavaa kitenge cha Pasaka, akajipaka mafuta, akasimama mbele ya sufuria inayong'aa na kujifanyia mazoezi. Kwanza angemkumbusha Melkizedeki alivyomdhalilisha mbele ya kanisa. Pili angenyamaza kidogo ili maneno yamwingie. Tatu angesamehe. Nne, kama jambo dogo lililompitia tu kichwani, angetoa fomu.

Alifika katikati ya barabara na kukuta Melkizedeki naye anakuja. Koti lake jeupe la bucha lilikuwa limepigwa pasi, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, na kofia ameishika mkononi.

"Nimeliona," alisema Agnela.

"Na mimi nimeliona," alisema Melkizedeki.

Wakasimama. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aendelee. Pikipiki mbili ziliwapita, mbuzi mmoja akakohoa, na wao bado wamesimama.

"Basi, nimekusamehe," Agnela alisema, akiwa ameruka utangulizi wote kwa hasira.

Melkizedeki akakunja uso. "Unanisamehe mimi, Mama Anneth? Mimi ndiye niliyevaa nikaja kukusamehe wewe."

Akaonyesha nyuma yake. Mlangoni mwa bucha, kando ya gogo la kukatia nyama, palikuwa na isale jingine lenye fundo.

Agnela hakuwa amelipanda isale lile wala hakujua limetoka wapi. Karibu aseme hivyo. Lakini akili yake, iliyolelewa Kibosho na kukomazwa na miaka ishirini ya kuuza chakula Elerai, ilimwambia asubiri kwanza. Huyu mwanamume ni mjanja, alijisemea. Amepanda mawili, moja kwangu na moja kwake, ili watu waone tumeombana wote na yeye asionekane amejishusha peke yake. Alitaka kumcheka. Kisha akaikumbuka fomu, akameza kicheko.

"Haya," alisema. "Tumesameheana."

Kabla hawajapeana mikono, Eliasi alishafika. Eliasi ni mwenyekiti wa mtaa, na katika sehemu sita zilizopita hakuna tukio hata moja aliloliwahi. Msibani hufika watu wakiwa wanakula, mkutano anaouitisha mwenyewe huufikia wakati wa kufunga. Leo alikuwa wa kwanza. Alisema jambo jema halicheleweshwi, akawaita watu waliokuwa wanapiga mswaki vibarazani wawe mashahidi, na akamtaka Melkizedeki atamke mbele yao, kama desturi inavyotaka.

"Sema hivi," Eliasi alimwelekeza. "Aliyeniwekea isale hili nimemsamehe, kwa kosa lolote."

Melkizedeki akasema.

"Rudia hapo kwenye kosa lolote. Mzee wa mwisho kule hajasikia."

Melkizedeki akarudia. Eliasi akashusha pumzi ndefu na kujifuta jasho, ingawa asubuhi ile baridi ya Meru ilikuwa inauma masikio. Agnela alifikiri ni furaha ya mzee wa kanisa anapoona kondoo wamepatana. Hakuwa na nafasi ya kufikiri zaidi. Alikuwa na mtu wa kumlisha.

Alipika kama anayempikia askofu. Kufika saa nne na nusu Melkizedeki alikuwa ameketi meza ya dirishani, mbele yake bakuli la mtori lenye mvuke. Alikula kijiko cha kwanza akafumba macho. Cha pili akayafungua, na yalikuwa na maji. Alisema ni pilipili, na Agnela hakumwambia kwamba mtori ule haukuwa na pilipili.

"Lete hiyo fomu," alisema mwenyewe, bila kuombwa.

Agnela aliifuta vumbi la unga na kuiweka mezani. Melkizedeki alishika kalamu kama anavyoshika kisu, akaanza kuandika jina lake kamili, herufi moja moja, kwa kuwa alifundishwa shuleni kwao Nkoaranga, kule mlimani kwenye kahawa, kwamba saini isiyosomeka ni ya mwizi. Akaandika M. Akaandika e. Agnela alikuwa amesimama nyuma yake na roho inahesabu. Kalamu ilikuwa imefika Melkize wakati honi ilipolia nje.

Ilikuwa gari dogo la mizigo la halmashauri. Mbele alikaa Bi Hanna, afisa wa mradi, msichana mpole wa kofia ngumu na koti linalong'aa. Nyuma alikaa Lesikar, mtunza bustani, na Lesikar alikuwa amezungukwa na masale. Masale ya kijani, masale yenye mistari, gari limejaa mpaka juu. Alikuwa ameshapanda safu nzima tangu kona ya juu, kila baada ya hatua tano isale moja, na sasa safu ilikuwa inashuka kuelekea mgahawani.

Bi Hanna aliteremka akawaamkia wazee shikamoo mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza kwa furaha kama wameyapenda maua. Alieleza kwamba ameyachagua mwenyewe. Hayataki maji mengi, hayaliwi na mbuzi, na yanapendeza mwaka mzima. Msimlaumu. Amekulia Dar, anaishi Njiro, na huko Njiro isale hukaa kwenye chungu kando ya geti na halimwombi mtu yeyote msamaha.

Bibi Theresia, mzaliwa wa Rombo na mwenye umri mkubwa kuliko wote, alilisogelea isale la karibu akalizunguka, akatazama safu nzima hadi juu, midomo inahesabu.

"Halmashauri imetuomba msamaha," alitangaza. "Mara arobaini na tatu. Mafundo tu ndiyo wamesahau kufunga."

Manung'uniko yakapita. Mtu akauliza msamaha wa nini hasa. Bibi Theresia akasema yeye kwa upande wake anawasamehe kwa maji yaliyokatika tangu mjukuu wake yuko tumboni, na sasa mjukuu anaota ndevu, lakini kwa taa bado hajaamua. Fundi viatu akasema amesamehe kwa shimo lililommezea baiskeli, ila angependa isale la shimo lile liwe kubwa kidogo. Mwingine akataka kujua kama hili la mbele ya nyumba yake ni la takataka zilizokaa wiki sita au la mtaro, maana la takataka anapokea na la mtaro hapokei. Akakumbushwa kwamba hana ruhusa ya kukataa. Basi akapokea yote mawili, kwa machungu.

Bi Hanna alimnong'oneza Lesikar amweleze kinachoendelea. Lesikar, Mwarusha mtaratibu wa maneno machache, alijibu kwamba yeye ametumwa kupanda, hakutumwa kueleza. Bi Hanna akatoa daftari na kuandika kwamba wananchi wameupokea mradi kwa moyo wa kusamehe.

Vicheko vilijaa barabarani. Mlangoni mwa mgahawa hakuna aliyecheka.

Agnela aliitazama safu ile, akalitazama isale la kizingitini kwake. Melkizedeki alikuwa amesimama kando yake, kijiko bado mkononi. Yeye alikuwa anatazama isale la mlangoni kwa bucha.

"Kumbe ni maua," alisema Melkizedeki.

"Kumbe."

"Kwa hiyo wewe hukuniomba msamaha."

"Na wewe hukuniomba mimi."

Shingo ya Melkizedeki ikawa nyekundu kama nyama ya paja, na kwa sekunde chache alionekana anataka kusema kitu kirefu.

"Basi hakuna aliyemwomba mwenzake," alisema hatimaye. Akaweka kijiko juu ya fomu, akavaa kofia, akavuka barabara.

Agnela alikimbilia fomu. Ilikuwa na tone la mtori na neno Melkize. Alimpelekea Bi Hanna akamuuliza kama jina nusu linatosha, maana kila mtu hapa anajua ni nani, Melkize wako wangapi. Bi Hanna aliumia kweli. Alisema angependa, lakini mwanasheria anataka jina lote, na jina lina herufi nne bado.

Saa nane greda la manjano lilishuka na kuegeshwa nje ya mgahawa. Dereva wake aliingia, akala mtori, akala tena, akamsifu Agnela kwa dhati na kumpa pole. Aliomba afungiwe na mwingine wa kuondoka nao, kwa kuwa hajui kesho atakula wapi.

Saa tisa Agnela aliketi peke yake. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na mtu wa kumficha. Karibu na jiko, kwenye saruji, kulikuwa na alama ya kiganja cha Abdiel, aliyoiweka siku walipomaliza ukuta wa mwisho, akisema hiyo ndiyo hati miliki yake. Agnela aliweka mkono wake juu ya alama ile kama alivyofanya kila siku kabla ya kuwasha moto. Akawaza kuhusu yule jogoo, na jambo alilokuwa amelijua miaka mitatu bila kumwambia binadamu.

Akasimama. Akaenda kizingitini, akalishika isale kwa mikono miwili na kuling'oa, mizizi na udongo wake, akavuka barabara.

Watu walimwona wakaanza kuwanyamazisha waliokuwa hawajamwona. Melkizedeki alikuwa nyuma ya kaunta anafuta kisu ambacho kilikuwa safi. Agnela alisimama mbele yake na kumnyooshea isale, kama wazee wanavyofanya, kichwa ameinamisha.

"Hili ni la halmashauri, sina jingine," alisema. "Lakini maneno ni yangu. Yule jogoo alikuwa chongo. Nilimjua tangu kifaranga. Nilikuwa na mwingine mwenye macho mawili, nikambakiza nimle Krismasi. Nilimpunja Mungu, wewe ukaniona, ndiyo maana nilikasirika vile."

Akalisogeza isale karibu zaidi.

"Na nimekuja kwa sababu ya fomu," aliendelea, "siwezi kukudanganya. Lakini hata ukikataa kusaini, hayo niliyosema ni kweli, na naomba unisamehe."

Melkizedeki alilipokea isale. Alilitazama sana, zaidi ya mtu anavyotazama mmea. Kisha akalilaza juu ya kaunta, akageuka, akaingia nyuma ya bucha. Wengine walifikiri amekwenda kuchukua kisu kikubwa. Dereva wa greda akasogea nyuma ya Bibi Theresia.

Alirudi amekumbatia jogoo. Ndege huyo alikuwa mzee, mnene, manyoya yanang'aa, na jicho moja.

"Anaitwa Bartimayo, kama yule kipofu wa Injili," alisema Melkizedeki. "Nilimnunua nimchinje siku ileile. Kila nikinoa kisu ananitazama kwa hilo moja. Miaka mitatu, Mama Anneth. Mimi mtu wa bucha. Anakula mahindi yangu na kulala chumbani."

Agnela alianza kucheka akajikuta analia, halafu akaacha kuchagua na kufanya yote mawili. Melkizedeki aliomba fomu. Akainama na kuandika herufi nne zilizobaki, taratibu kama kawaida yake, na saa ya Bi Hanna ilikuwa inasema saa kumi kasoro dakika saba. Bi Hanna akapiga muhuri. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele, na dereva wa greda alipiga kelele kuliko wote.

Hapo ndipo Lesikar, aliyekuwa anakusanya majembe, alipolitazama lile isale juu ya kaunta.

"Hilo si langu," alisema.

Watu wakamgeukia. Lesikar hakuwa amesema sentensi mbili mfululizo tangu afike, lakini sasa alilazimika. Masale yake yote, alieleza, yametoka kitaluni na yana mchanga kwenye mizizi. Hili lina udongo mweusi wa mlimani, na jani la mbuni limenasa humo. Tena yeye leo ameanza kupanda saa tatu, kule juu. Na fundo hajui hata linavyofungwa, kwa sababu yeye ni Mwarusha, na kwao mtu akiomba amani hushika majani ya nyasi mkononi, hasumbui mimea ya watu.

Agnela alikumbuka beseni. Saa kumi na mbili na nusu. Halmashauri ilikuwa bado imelala.

Udongo mweusi. Kahawa. Nkoaranga.

Akamgeukia Melkizedeki polepole. Melkizedeki alikuwa ameinamia manyoya ya Bartimayo kana kwamba anatafuta utitiri.

"Nilipanda jana kwenda nyumbani," alisema bila kuinua uso. "Nikalichimba kwenye mpaka wa shamba la marehemu baba. Alfajiri nikaliweka, nikakimbia. Nilikudhalilisha mbele ya kanisa, na kidole gumba kwenye mizani ni kweli. Nilitaka kusema. Halafu yakaja haya maua, nikaona aibu kuwa peke yangu."

"Na asubuhi ukajifanya unanisamehe."

"Nilipoona la kwako mlangoni kwangu nilisema afadhali, tuko sawa."

Agnela, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu kwa namna ambayo Bibi Theresia aliiona na kumgusa kiwiko jirani yake, aliacha kutabasamu.

"La kwangu lipi?" aliuliza. "Mimi sikukuwekea isale. Nilidhani umelipanda mwenyewe."

"Nijipandie mwenyewe? Nijiombe msamaha?"

Wote wakageuka kutazama isale la mlangoni kwa bucha, lile lenye fundo. Lesikar aliinama akagusa mizizi, akatikisa kichwa. Si lake. Melkizedeki naye akatikisa kichwa. Mtu mwingine wa mtaa huu alikuja alfajiri na kumwomba Melkizedeki msamaha, kwa kosa ambalo Melkizedeki mwenyewe alikuwa bado halijui.

Bi Hanna, ambaye siku nzima alikuwa haelewi kitu, alikunjua mchoro ili abadilishe mstari wa barabara. Akasema kwa moyo mweupe kwamba sasa mambo yote yamekwenda vizuri, uwanja umepatikana, na kazi ya pili wanaweza kuianza leoleo.

"Kazi gani ya pili?" Melkizedeki aliuliza.

"Choo cha umma, baba. Kwanza kilikuwa kijengwe karibu na nyumba ya mwenyekiti, lakini alituletea barua Jumatatu kwamba wewe umeridhia kuhamisha bucha. Tukakihamishia hapa."

Kila kichwa kilimtafuta Eliasi. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya uchochoro, anatembea kinyumenyume taratibu, na magoti ya suruali yake yalikuwa na udongo uliokauka tangu alfajiri. Bibi Theresia alimwekea fimbo mbele.

Melkizedeki alimkabidhi Agnela jogoo. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Umeshanisamehe, kaka," Eliasi alisema kwa sauti ndogo. "Kwa kosa lolote. Mara mbili."

Nyuma yao greda likawashwa.